Laini ya Baba Stela

Meseji ya Stela iliingia kwenye kundi la msiba nikiwa nakaanga mihogo ya watoto, kule Kasulu ninakoishi siku hizi, na mihogo ikaungua kwa sababu niliisoma meseji ile mara nyingi mno. Kundi lilikuwa limeundwa siku iliyotangulia, mara tu Mama Stela alipofariki, na tayari lilikuwa limejaa watu wa Mwanga, wa Ujiji, wa Kagunga na wengine waliotawanyika kama mimi, kila mmoja akiandika pole na kutuma mchango wake. Stela, binti yake wa pekee, ndiye aliyekuwa akipokea michango. Kila ulipoingia, aliandika jina la mtoaji na neno la shukrani. Kisha akaandika hivi: "Jamani, kuna mchango umeingia kutoka kwa Gervas Bukuru. Hilo ni jina la marehemu baba yangu. Anayechezea jina la baba kwenye msiba wa mama, naomba aache." Watu wakajibu kwa mpigo. Mmoja akasema ni matapeli, mwingine akasema ni mambo ya kishirikina, mwingine akatuma picha ya mikono iliyoshikamana bila neno lolote, kama watu wanavyofanya wakikosa la kusema. Mimi jibu nilikuwa nalo, au niseme nilikuwa na kitu kinachofanana na jibu. Nikaandika nikafuta, nikaandika nikafuta, mpaka mwanangu mdogo akaniambia, "Mama, moshi." Nikaona hili si la kuandika kwenye kundi, nitakwenda mwenyewe kesho asubuhi. Usiku nilipanga begi, na wakati napanga, mwaka mzima niliokaa na Mama Stela ulikuwa unanirudia vipande vipande, bila mpangilio.

Si zamani sana ukihesabu miaka, ila mimi wa wakati ule nikipishana naye sokoni leo sidhani kama tutatambuana. Nilikuwa binti niliyetoka shule bila kujua naelekea wapi, nina simu yenye kioo kilichopasuka na vidole vyepesi, na kwa hivyo viwili nikapata kazi kwa Mama Stela, fundi cherehani na muuza vitenge wa Mwanga, nyuma ya soko. Duka lilikuwa chumba kimoja chembamba kilichogawanywa kwa pazia. Mbele vitenge vimening'inia kutoka darini mpaka usawa wa kifua, mteja akiingia anavitenganisha kwa mikono kama anayepita kwenye mahindi. Nyuma kulikuwa na cherehani mbili, moja nzima na moja ya kutolewa vipuri, pasi ya mkaa, jiko, na benchi ambalo mchana liligeuka meza. Tulikula ugali wa muhogo na samaki wa migebuka waliopikwa kwa mawese, sahani moja, kwa sababu Mama Stela alikuwa hapendi kula peke yake. Alikuwa mwanamke mnene kiasi, mwenye pini mdomoni muda wote, na alizungumza nazo vizuri kuliko wengi wetu tunavyozungumza midomo ikiwa mitupu.

Kazi yangu ilikuwa kuchati na wateja. Asubuhi, jua likiwa bado linaingia mlangoni, nilivipiga picha vitenge vipya na kuwarushia. Mteja akichagua, na wengi hawakuweza kulipa kwa mara moja, alikuwa anadunduliza. Yaani anatuma kidogo leo, kidogo wiki ijayo, kitenge chake kinakaa kwenye rafu na karatasi yenye jina lake imebanwa kwa pini, na siku akimaliza anakuja kuchukua. Mimi ndiye niliyekuwa namkumbusha. Kukumbusha kwenyewe kulikuwa na adabu zake, na mwanzoni zilinitoa jasho. Kwanza unasalimia, kisha unauliza watoto, kisha mvua kama huko imenyesha, ndipo unasema kitenge chako kinakusalimia. Neno deni lilikuwa marufuku. Siku ya kwanza nililiandika, Mama Stela akaninyang'anya simu. "Mwaju, deni linatoka wapi? Kitenge bado kiko kwangu. Mtu hadaiwi kitu ambacho hajakichukua." Nikamwuliza sasa tunaita nini. Akafikiri, pini zikicheza mdomoni. "Tunaita safari," akasema. "Mwulize safari imefika wapi." Basi mwaka ule nilimwuliza kila mtu safari imefika wapi, mpaka mama yangu nyumbani Ujiji akawa ananicheka.

Shida kubwa ilikuwa majina. Malipo yakiingia kwa simu, meseji inakuja na jina la mtu aliyesajili laini, na kwetu kule mwenye laini na mwenye kidole kilichoisajili mara nyingi ni watu wawili tofauti. Kuna waliokuja kutoka Burundi hawana kitambulisho, kuna mama ambaye kitambulisho chake kimekwama ofisini mwaka wa tatu, kuna msichana anayetumia laini ya kaka yake aliyehamia Mpanda. Kwa hiyo mteja anajiita Ua Jekundu kwenye kuchati, mtaani ni Mama Asha, na pesa yake inaingia kwa jina la Yohana. Ningejuaje? Mama Stela alikuwa anawajua wote. Tukaweka utaratibu wetu: meseji ikiingia mimi nasoma jina kwa sauti, yeye hainui kichwa, mguu uko kwenye cherehani, anasema tu, "Huyo ni Mama Asha wa Gungu. Laini ni ya shemeji yake." Nami naandika, "Imepokelewa, Mama Asha." Siku nzima ilikuwa hivyo, mimi nasoma na yeye anataja, na wateja waliokaa kwenye benchi wakisikiliza kama redio.

Asubuhi moja ya kiangazi nikasoma, "Gervas Bukuru." Cherehani ikasimama. Nilidhani uzi umekatika. Nikasoma tena, nikiongeza sauti, maana kulikuwa na mashine ya kusaga jirani: "Gervas Bukuru. Huyu nani, mama?" Nilipogeuka nikamkuta amezitoa pini mdomoni, ameziweka kwenye kiganja, anazitazama. Wewe msomaji umeshajua, kwa sababu Stela amekuambia. Mimi sikujua. Nilikuwa nimekaa na yule mama miezi kadhaa, najua mume wake alikuwa anapeleka vitenge Kagunga, mpakani na Burundi, kwa boti, najua boti ilipinduka, wengine wakaokolewa na yeye hakuonekana tena, hata mwili. Yote hayo nilikuwa nayajua. Lakini nilimjua kama Baba Stela. Kila mtu alimwita Baba Stela. Jina lake lenyewe hakuna mtu aliyewahi kulitaja mbele yangu, na mimi sikuwahi kufikiri kwamba mtu kama Baba Stela ana jina jingine.

"Namba gani?" akaniuliza baadaye kidogo, kwa sauti ya kawaida kabisa. Nikamsomea. Akatikisa kichwa. "Si yake. Yake naijua." Akaitaja yake, tarakimu zote, bila kukwama. Halafu akarudisha pini mdomoni na kuendelea kushona, na mshono wote wa mchana ule alikuja kuufumua kesho yake. Nikaangalia kwenye kuchati nani amesema ametuma. Alikuwa mteja mpya aliyejiita Imana Ishimwe, Mungu asifiwe kwa Kirundi, mwenye picha ya maporomoko ya maji. Alikuwa amechagua kitenge cha kijani chenye majani makubwa na kuandika maneno machache tu: "Nachukua hiki nitalipa polepole." Na chini yake, asubuhi ile: "Nimetuma mama."

Hapa ndipo kichwa changu kilipoanza kuchanganyikiwa, na sina hakika kama kimeshatulia. Mtu aliyekufa ametuma malipo ya kitenge kwa mke wake mwenyewe, kwa namba ngeni. Kama amekufa, nani ametuma? Kama hajafa, kwa nini ananunua kitenge badala ya kurudi nyumbani? Na kama ni yeye, kwa nini anamwita mke wake mama? Lakini huyo mke ndiye anayeitwa Mama Stela, kila mtu anamwita mama, hilo halithibitishi kitu. Nilizunguka hivyo siku nzima. Nikasema tumpigie. Tukapiga, simu ikaita muda mrefu, haikupokelewa. Nilipotaka kurudia, Mama Stela akaweka mkono wake juu ya simu. "Acha, Mwaju. Nikiuliza nitajibiwa." Sikumwelewa. Nilidhani watu huuliza ili wajibiwe. Kesho yake akaja na kuhe, samaki ambaye hatukuwa tunamla siku za kazi, akampika vizuri, akapakua sahani yetu na sahani nyingine pembeni akaifunika. Hakusema ni ya nani. Kila bodaboda iliposimama nje alitazama mlango. Jioni shemeji yake akapita, akafunua sahani, akasema leo nimebahatika, akala mpaka mifupa.

Shemeji huyo, Butoyi, alikuwa mdogo wake Baba Stela, mtu mpole mwenye duka la vifaa vya baiskeli, na ndiye aliyekuwa amebeba jambo zito la mwaka ule. Ukoo wao, wa asili ya Burundi, una siku ya kuganduka, yaani ya kumaliza kilio. Watu wanakusanyika, wanakula, wazee wanasema maneno, na kuanzia hapo marehemu ni marehemu na mjane ameachiliwa, anaweza kuvaa atakacho na kuolewa akitaka. Baba Stela hakuwa amefanyiwa. Mama Stela alikuwa amekataa kila mwaka, na hata neno lenyewe alikuwa analikwepa. Akiulizwa mumewe yuko wapi alisema "hayupo," au "alipata ajali ziwani," na mtu asiyejua angeweza kudhani amelazwa. Mwaka ule hatimaye alikuwa amekubali. Maharage yalikuwa yamenunuliwa, ndizi za pombe zimeagizwa. Ndipo jina likaingia kwenye simu. Siku chache baadaye niliwasikia kupitia pazia, mimi nikiwa mbele nakunja vitenge ambavyo vilikuwa vimeshakunjwa.

"Mama Stela, wazee wanauliza. Tumepanga mara ngapi?"

"Sijakataa, shemeji. Nimesema nipeni muda kidogo."

"Muda wa nini sasa?"

Halafu nikamsikia anasema, "Kuna mteja hajamaliza kulipia kitenge."

"Kitenge?"

"Eeh."

"Kitenge na kaka yangu vinahusianaje?"

"Sijui," akasema Mama Stela. "Mimi mwenyewe sijui, shemeji." Na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyejua kweli, kwa hiyo Butoyi akatoka, akanipita pale mbele na kuniangalia kama vile mimi ninaelewa. Nilitamani kumwambia, wewe afadhali.

Mama Stela akaamua kusubiri. Hoja yake ilikuwa rahisi: anayedunduliza akimaliza huja kuchukua kitenge chake, ndio utaratibu, na yeyote yule atakayepita mlangoni ndiye. Basi tukawa tunasubiri mlango. Malipo yaliingia kidogo kidogo, na kila yalipoingia mimi nilisoma jina lile kwa sauti, kwa sababu alitaka nisome, na yeye hakusema huyo ni nani. Jina moja tu dukani lisilo na maelezo. Akaanza kuniamuru niandike. "Mwandikie: Amahoro, mmeamkaje huko." Jibu likaja, amahoro. "Mwulize ziwa likoje." Nikaandika, nikiona aibu, maana mteja wa kitenge unamwuliza ziwa likoje? Jibu likaja: "Ziwa liko sawa mama, upepo kidogo." Akaisoma mara nyingi. Aliiweka simu karibu na jicho, kisha mbali, kana kwamba maandishi ya kuchati yana mwandiko wa mtu. "Yeye pia alikuwa anasema upepo kidogo," akaniambia. Nikamwambia, mama, kila mtu wa ziwani anasema upepo kidogo. Akacheka, na nilifurahi kumsikia anacheka, kisha akaacha ghafla.

Halafu siku moja Imana Ishimwe akachoka kuandika, akatuma sauti. Tuliiweka simu juu ya benchi, kati ya sahani na mtungi wa maji, nikabonyeza. Upepo, mtoto analia kwa mbali, watu wanaita boti, kisha sauti ya mwanamke, laini, yenye Kirundi ndani yake: "Amahoro, mama. Miye nitatuma ingine mwisho wa mwezi, mnivumilie. Kitenge kisiuzwe." Basi. Mwanamke. Kumbe kati ya mambo yote niliyokuwa nimeyafikiria, hilo sikulifikiria, na nilipomtazama Mama Stela niliona kwamba yeye alikuwa amelifikiria siku ya kwanza kabisa. Mume aliyekufa ni jambo moja. Mume aliye hai Kagunga, ana mwanamke, ana mtoto anayelia, na anamnunulia huyo mwanamke kitenge kwa mke wake mwenyewe, ni jambo jingine. Nilikasirika kwa niaba yake. Nikasema tumpigie sasa hivi tumwambie ukweli. "Ukweli gani?" akaniuliza. "Wewe unao?" Tukamaliza kula. Nakumbuka ugali ulikuwa umepoa, na yeye alitoa miiba kwenye samaki wangu kana kwamba mimi ni mtoto.

Nilitegemea kwamba sasa atataka mteja amalize haraka. Ikawa kinyume. Ilipobaki kidogo sana, akaniambia, "Mwandikie kwamba kuna kushona. Hajalipia kushona." Mteja hakuwa ameagiza kushonewa. Nikaandika, naye akajibu, sawa mama, nitatuma. Akaendelea kutuma, na jina likaendelea kuingia. Baadaye ikawa kuna bitana. Gauni la kawaida la kitenge linawekewa bitana ya nini? Nikamwambia, mama, huyu mtu tunamwonea. Akaacha kushona, akasema wazi, na hii ndiyo siku aliyonitisha kuliko zote: "Mwaju, ningeambiwa amekufa ningelia nikamaliza. Ningeambiwa ameniacha ningemtukana nikamaliza. Sasa mimi nina jina lake linaingia kila mwezi na sijaambiwa kitu. Niache nikae nalo kidogo." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Mimi nilikuwa sijawahi kupenda mtu wakati ule, nilidhani mapenzi ni kujua. Nikaenda mbele kupanga vitenge.

Bitana ikalipwa. Hakukuwa tena na kitu cha kuongeza, na yeye mwenyewe akaona aibu. Mwanamke akaandika kwamba anakuja na boti ya siku ya soko. Siku ile Mama Stela alivaa gauni la kanisani, akafagia duka mara mbili, na cherehani hakuigusa. Pazia lilipofunguliwa, akaingia msichana, maana alikuwa msichana kweli, pengine ananipita kidogo tu, mwembamba, viatu mkononi, mtoto mgongoni. "Amahoro, mama. Ndio hapa kwa Mama Stela? Miye ndiyo Imana Ishimwe." Mama Stela akasimama, akamtazama, kisha akatazama nyuma yake, mlangoni, muda mrefu. Nami nikatazama. Nje kulikuwa na bodaboda wawili wanagombea kivuli. Hakuna mwingine aliyeingia.

"Karibu, mwanangu. Keti," akasema. Akamsaidia kumshusha mtoto. "Anaitwa nani huyu?"

"Bukuru."

Mama Stela hakushtuka. Aliweka kiganja kwenye kichwa cha mtoto, akakiacha pale, na akauliza kitu ambacho kilinichanganya zaidi: "Na Butoyi?"

"Butoyi yuko kwa bibi yake, ana homa."

Mimi nikasimama pale na simu mkononi, nikijiuliza shemeji Butoyi naye ameingiaje humu. Nilielezwa baadaye kwamba kwao kila pacha wa kwanza ni Bukuru na wa pili ni Butoyi, kwamba Baba Stela na shemeji walikuwa mapacha wasiofanana, na kwamba watoto wa jina hilo wamejaa kutoka Kagunga mpaka kambi ya wakimbizi. Jina halikusema lolote. Au pengine lilisema. Ndiyo hali iliyokuwa.

Nikamletea kitenge chake. Alikuwa hajawahi kukiona ila kwa picha. Akakikunjua magotini, akakinusa, akakibana kifuani. "Urakoze cane, mama," akashukuru. Kisha akatazama huku na huku. "Na mzee je, yupo? Nilitaka nimsalimie."

"Mzee gani?"

"Mzee wa vitenge. Huyu wa kwenye simu." Akainua simu yake ndogo. Akaeleza kwamba alivuka kutoka Burundi hana karatasi yoyote, mume wake akiwa tayari kambini anataka kumtumia nauli, na wakala wa laini pale Kagunga akamkatalia. Mzee mmoja aliyekuwa anauza vitenge ufukweni akasema, msajilie kwa jina langu, akaweka kidole chake. "Akanipa na mfuko wa kitenge, una namba ya hapa. Akasema, wewe ukipata hela siku moja, nunua kwa mke wangu." Halafu akaenda kambini, akazaa huko, na karibuni tu amerudi ufukweni kufanya kazi ya kuanika dagaa. "Nikasema sasa nimepata hela, nitimize. Lakini pale ufukweni simwoni. Nikafikiri amekuwa mtu mkubwa, hauzi tena mwenyewe."

Nilimwona Mama Stela anatafuta yale maneno yake ya siku zote, hayupo, alipata ajali, na hayakumtosha, kwa sababu aliyekuwa anauliza alikuwa amekaa mbele yake na kitenge magotini, ametoka mbali kuja kushukuru. "Amefariki," akasema. "Baba Stela amefariki, mwanangu. Ziwa lilimchukua." Mimi nilikuwa nasikia neno lile kutoka mdomoni mwake kwa mara ya kwanza, na nadhani naye alikuwa analisikia kwa mara ya kwanza. Msichana akaachia kitenge kikaanguka, akalia kwa sauti, kilio cha kwao cha msibani, mpaka majirani wakaja mlangoni. Na aliyembembeleza, aliyemfuta uso, aliyempa maji, alikuwa mjane mwenyewe. Mtoto naye akalia. Mimi pia nikalia, sijui kwa ajili ya nani, sikuwahi kumwona hata yule mzee. Baadaye Mama Stela akamchukua vipimo yule msichana, akakaa kwenye cherehani, akamshonea gauni lake siku ileile, na bitana ndani.

Kuganduka kulifanyika kabla mvua hazijaanza. Mama Stela alikaa katikati, akasikiliza wazee, akala, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo lakini mgongo bado haujaamini. Stela alikuja kutoka shule ya bweni, akalia, akarudi shule. Hakuambiwa habari za simu. "Mtoto anasoma," mama yake alisema, "nimwambie nini hasa?" Yule msichana, sasa tukimwita Mama Bukuru, alikuwepo, amevaa kijani, anaosha vyombo na wanawake wa ukoo, na kuna wakati nilimwona shemeji Butoyi amembeba yule mtoto na kumtazama usoni kwa makini. Nami nilimtazama. Paji la uso lile. Lakini watoto wote wana mapaji ya uso. Siku moja nikajikaza nikamwuliza Mama Stela kama aliamini. Akajibu na pini zake mdomoni: "Nimeamini alichosema. Ambacho hakusema, hakukileta dukani."

Mama Bukuru akawa mteja wetu kama wengine. Mara ya kwanza alipotuma malipo baada ya yale yote, meseji ikaingia na jina lilelile, na mimi, nikidhani ninamhurumia mama wa watu, nikaipita kimya nikasoma iliyofuata. Cherehani ikasimama. "Mbona hiyo ya katikati hukuisoma?" Nikasema nimesahau. "Soma." Nikasoma, Gervas Bukuru. Mguu wake ukarudi kwenye cherehani. "Huyo ni Mama Bukuru wa Kagunga," akasema. "Laini ni ya Baba Stela." Ikawa hivyo mpaka nilipoondoka.

Nimefika Katubuka, nyumbani kwa Mama Stela, leo asubuhi, nyumba imejaa, sufuria ziko nje, wanawake wanachambua mchele. Stela nimemkuta chumbani kwa mama yake, amekaa kwenye mkeka, simu mbili mbele yake, macho yamevimba. Ana mwili wa mama yake na mikono ya mtu mwingine. Akaniambia, "Dada Mwaju, nisaidie kupokea, wewe kazi hii unaiweza, mimi majina yananichanganya." Sikutoa maelezo. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima, na nilipokaa pale karibu na kitanda yakawa hayana kichwa wala miguu: kwamba ni msichana wa watu tu, kwamba sijui kama ni msichana wa watu tu, kwamba mama yako alijua, kwamba mama yako hakujua. Nikachukua simu nikaanza kusoma kwa sauti kama zamani, jina moja moja, na aliowajua alinitajia, na wengine mimi nilimtajia. Nikafika pale. Stela akanyanyua uso.

"Gervas Bukuru," nikasoma. "Huyo ni Mama Bukuru wa Kagunga. Laini ni ya baba yako."

Nilisubiri aniulize. Nje mtu alikuwa anaita apelekewe kuni. Stela akajifunga vizuri kitenge cha mama yake, akaegemea ukuta, akafumba macho.

"Soma tena," akasema.